Hereni za Mama Sonun

Perizat alikuwa amelishika gunia la sufu nyeupe upande mmoja, na kijana asiyemjua amelishika upande wa pili, na hakuna aliyekuwa tayari kuliachia. Soko la Osh lilikuwa limefurika. Theluji ya mwisho ilikuwa imeyeyuka na kuzigeuza njia zote za Bishkek kuwa tope, na wapita njia waliwakwepa wale wawili huku wakinung'unika.

"Dada, mimi ndiye niliyeligusa kwanza," kijana alisema. Alivaa jaketi la ngozi lililochakaa mabegani, na vipokea sauti vikubwa vya masikioni vilimning'inia shingoni kama mkufu.

"Unalitakia nini?"

"Kupigilia ukutani."

Perizat alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba asali inakwenda kusiribia nyumba.

Kumbe Kubat, maana ndilo lilikuwa jina lake, alikuwa na chumba cha kurekodia muziki chini ya ghorofa moja kuukuu, na kuta zake zilikuwa zikirudisha kila sauti kama mpira. Perizat akamweleza kwamba hiyo ilikuwa sufu ya kondoo wachanga, na kwamba kazi ya ukutani ilitaka ile ngumu ya kondoo wazee, ya bei poa. Akamchagulia magunia matatu. Akambembelezea bei. Akamsaidia kuyapakia. Walipomaliza, Kubat akanunua togwa kwa mama mmoja mwenye pipa, wakanywa wamesimama.

"Kila anayekunyang'anya gunia huwa unamsaidia hivi?"

"Sijui. Wewe ndiye wa kwanza."

Kufikia majira ya matunda walikuwa wakipigiana simu mara tano kwa siku, mara tatu kati ya hizo bila sababu. Kubat alimwita roho yangu alipotaka kumbembeleza, na fundi alipotaka kumtania. Alipenda kuja karakanani kwake kutazama Perizat na shangazi yake Uulkan wakishindilia sufu kwa maji ya moto na sabuni, mikono imewaiva hadi viwikoni. Rafu zilijaa sapatu, vifuko vya miwani, kofia za mbwa.

"Mtu akikuomba ngamia mwenye mabawa utamshonea," Kubat alimtania siku moja.

"Nimeshashona. Wawili."

Alicheka, kisha akauliza polepole, "Na wewe mwenyewe, fundi, unataka kushona nini?"

Miaka minne ilikuwa imepita tangu amalize chuo cha sanaa na kufungua karakana yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Mwishowe Perizat akamwonyesha mapande mawili makubwa ya zulia la sufu iliyoshindiliwa, jekundu na la kijivu, yaliyolazwa moja juu ya jingine. Bibi zake walichora pembe za kondoo kwenye mazulia; yeye alikuwa amechora kwa chaki nyaya za mabasi ya umeme kama zilivyopishana juu ya mtaa wake. Ilibaki kukata tu, lakini kisu kikishapita hakuna kurudi nyuma, na kila alipokishika aliingia mteja.

Mteja mkubwa kuliko wote alikuwa mama Sonun, mjane mwenye maduka matatu. Alitaka sapatu mia sita kabla ya baridi, zenye jina la maduka yake, na mwaka ujao nyingine, na mwaka unaofuata pia. Perizat angefanya kazi chini yake na asihangaike tena kutafuta wanunuzi. Alimjibu kwamba wataona. Mama Sonun akatabasamu kama mtu aliyekubaliwa.

Siku ya maonyesho ya mafundi, katika bustani ya mialoni, Perizat alivaa kizibao cha mahameli ya kijani juu ya gauni la kijivu, nywele amezisuka msuko mmoja. Mama Sonun alifika akinukia marashi, kilemba cha hariri kimemkaa sawasawa, akasimama mbele ya meza yake.

"Masikio yako yako uchi, mwanangu. Njoo."

Alikuwa mfupi. Perizat, asitake mama wa watu ajinyooshe, aliinamisha kichwa. Hereni mbili za fedha ziliingia masikioni mwake. Wanawake wa meza za jirani wakapiga makofi, mmoja akarusha peremende hewani, na kabla hajaelewa lolote mama Sonun alikuwa amembusu paji la uso na kwenda zake.

"Shangazi, hizi ni za sapatu, si ndiyo?"

Uulkan alimkodolea macho. "Mama mwenye mtoto wa kiume akikuvika hereni mbele za watu, umechumbiwa. Ni mwanawe Marat, yule anayefanya kazi Korea. Umesahau wewe ni Mkirgizi?"

"Lakini tulikuwa tunazungumzia sapatu."

"Pengine ni vyote viwili. Yule mama hapotezi safari."

Perizat alipogeuka, Kubat alikuwa amesimama pale na sambusa za tanuri ndani ya gazeti. Aliziweka mezani kwa uangalifu.

"Hongera, dada Perizat," alisema, akaondoka.

Siku tatu simu ya Kubat iliita bila kupokewa. Siku ya nne, adhuhuri, akapokea.

"Kubat, sikuelewa."

"Nani hapa mjini haelewi hereni?"

"Nilidhani ni zawadi. Niliinama tu kwa adabu."

"Sawa. Umezivua?"

Perizat aligusa sikio lake. Alikuwa angali amezivaa. Alikuwa amelala nazo, amefanya kazi nazo, akijiambia kila asubuhi kwamba kumrudishia mama mtu mzima ni kumvua nguo hadharani.

"Kwa nini, roho yangu?" Kubat aliuliza, na sauti yake haikuwa na ukali.

"Sijui."

"Basi ukijua, nipigie."

Alikaa na ile simu mkononi. Alipoziangalia rafu zake aliona matakwa ya watu: huyu alitaka hiki, yule alitaka kile. Sasa hata mume alikuwa ameagizwa na mtu mwingine, naye angemtengeneza kwa wakati na kumfunga vizuri. Alijifuta mikono, akavaa koti.

Mama Sonun alikuwa dukani akipanga mitandio. Perizat alivua hereni mbele yake, moja, kisha ya pili.

"Mama, nakurudishia."

Mama Sonun hakupaza sauti. "Aliyeinama kwenye maonyesho alikuwa nani?"

"Ni mimi. Niliinama ili usihangaike kujinyoosha."

"Kwa hiyo umeniaibisha mjini kote kwa ajili ya adabu." Alizifuta hereni kwa ncha ya kilemba. "Na sapatu?"

"Sapatu pia sitaweza. Nataka kutengeneza mazulia yangu. Ya nyaya za mabasi."

"Nani atanunua nyaya?"

"Sijui, mama."

"Na shangazi yako Uulkan atakula nini wakati wa baridi?"

Perizat aliinama tena, safari hii kwa kuaga, akatoka.

Kubat alimkuta ameketi kwenye ngazi za chumba chake. Alitazama masikio yake kwanza, kisha macho yake, kisha akaketi kando yake. Perizat alimweleza yote, hata swali la mama Sonun kuhusu Uulkan, na kwamba hakujua kama alikuwa amejiokoa au amejiharibia.

"Mama yangu yuko Naryn," Kubat alisema. "Nikimpigia sasa hivi, kesho mchana atakuwa hapa na hereni zake. Sitanii."

Neno ndiyo lilifika kwenye ulimi wa Perizat mara moja, jepesi, kama lilivyofika kila mtu alipomwomba kitu. Wepesi ule ukamwogopesha.

"Hapana," alisema.

Uso wa Kubat ukasinyaa.

"Nisikilize. Nimekataa mara moja tu maishani mwangu, na ni saa moja iliyopita. Niache nizoee. Siku nikikuambia ndiyo, nataka ujue kwamba ningeweza kukataa."

"Muda gani, roho yangu? Hadi vuli?"

"Sijui, Kubat. Kwa kweli sijui."

Kubat alitikisa kichwa taratibu, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeumia lakini hajafukuzwa. Akasimama, akamnyooshea mkono.

"Nitangoja. Basi twende tukale maandazi ya nyama pale kona."

"Hapana," Perizat alisema, akaisikiliza ilivyotoka. Kisha akaushika ule mkono, akainuka. "Leo nataka tambi."