Ukurasa wa Tatu

Kila Jumamosi, kabla cherehani hazijaanza kunguruma, Teresiah alikuwa na kazi moja rasmi: kumsomea mama yake barua za Kiingereza. Mama Dorcus alishona sare za walinzi katika karakana yake ndogo, mtaa wa Al Quoz, huko ughaibuni. Uzi ulikuwa umeyachosha macho yake. Kiingereza cha serikali kiliyamaliza kabisa.

Jumamosi moja, barua ilidai kwamba alichelewa kuwasilisha ritani ya kodi. Asipolipa faini, leseni ya karakana haitahuishwa. Lakini Mama Dorcus alikuwa na risiti: aliwasilisha siku mbili kabla ya siku ya mwisho.

Teresiah alisoma kurasa mbili, akaikunja barua.

"Ndiyo mwisho?"

"Mwisho, mama. Unaweza kukata rufaa."

Mjomba Boaz, mlinzi wa hoteli huko Deira, akatoa ushauri ambao hakuombwa. "Dada, achana na makarani! Jambo zito hupelekwa kwa mkubwa mwenyewe. Nenda mahakamani."

Basi wakaenda kwa mkubwa. Siku ya kesi Mama Dorcus alifunga karakana, akavaa gauni la kanisani. Walisubiri saa tatu nzima. Jaji hakuigusa hata ile risiti. Alisema maneno machache, na mkalimani akawaeleza.

"Rufaa imetupwa. Mahakama hii haina mamlaka ya kuisikiliza kabla haijapita kwenye kamati ya malalamiko ya kodi."

"Kwa hiyo nimeshindwa?"

"Hujashinda wala hujashindwa, mama. Hujasikilizwa. Zimebaki siku nne za kwenda kwenye kamati. Yalla, wahini."

Yote hayo yalichukua dakika sita. Mama Dorcus aliketi kwenye benchi la ukumbini, akavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba.

"Wangetuambia mapema," alisema kwa unyonge.

Teresiah angeweza kunyamaza. Barua haina mdomo. Lakini aliitazama ile miguu.

"Walituambia, mama. Ukurasa wa tatu. Sikuusoma. Rafiki yangu Pauline alikuwa ananisubiri mlangoni na mpira."

Mama aliisugua miguu yake polepole.

"Una bahati nimechoka," alisema hatimaye. "Barua unayo? Soma. Yote, mpaka namba ya simu."

Teresiah akasoma palepale, mpaka namba ya simu. Kesho yake walipeleka risiti kwenye kamati. Baada ya wiki tano jibu likaja: faini imefutwa, leseni itahuishwa. Mjomba Boaz alipiga simu kupokea pongezi zake.

Mama Dorcus hakushangilia. Alivua miwani, akasugua macho.

"Sikiliza, binti yangu. Hata mwenye haki hupita mlango unaostahili. Sisi tuliuruka kwa sababu ulinificha mlango ulipo. Ukinisomea nusu ukasema ndiyo mwisho, ile nusu nyingine ni uongo."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Sasa lete ile ya umeme. Ina kurasa saba."