Kaka Aliyefutwa

Ndugu zangu, naomba mnisikilize kidogo. Kuna nyumba moja ya kupanga kule Busanza, Kigali, ambayo habari yake imenikaa rohoni. Sioni vizuri kuikalia kimya, wakati kila mmoja wetu ana simu mfukoni na ana ndugu nyumbani.

Nyumba hiyo ilikuwa na amani. Jioni, Mama Béatha aliporudi kutoka sokoni na furushi lake la vitenge, aliwakuta wanawe wawili kizingitini, vichwa vimekutana juu ya simu moja. Simu ilikuwa ya Joselyne, binti yake, mwanafunzi wa chuo kikuu. Aliyekuwa akitazama ni Arnaud, kaka mkubwa.

"Jose, nionyeshe ile ya shu," alikuwa akisema Arnaud.

Ya shu, yaani ya kabichi. Katika picha hiyo Arnaud alikuwa amekumbatia kabichi kubwa aliyoilima mwenyewe, amevaa sweta ya buluu, anacheka mpaka macho yamefumba, na Joselyne ameegemea bega lake. Joselyne alikuwa ameiweka kwenye ukurasa wake mtandaoni na kuandika chini yake: Kaka yangu, mkulima wa Ndera.

Mkazi wa Kigali akisikia neno Ndera anaelewa upesi. Ni mtaa kama mitaa mingine, una mashamba na nyumba mpya, lakini kwa kuwa ndipo ilipo hospitali ya magonjwa ya akili, tumeligeuza jina lake kuwa tusi. Mtu akikosea jambo dogo, mwenzake anamuuliza ametoroka Ndera lini. Tunacheka, kisha tunaendelea na mambo yetu.

Arnaud aliugua walipokuwa bado Buyenzi, kule Bujumbura. Alisikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia, akawa halali wala hali. Mama Béatha, mjane, alifunga meza yake ya biashara akawaleta watoto Kigali, mji wa babu zao ambao wao wenyewe hawakuujua. Ndera walimpa Arnaud dawa, wakamsikiliza, wakamfundisha kulima. Taratibu alirudi kuwa mtu wa mzaha. Mwenye shamba moja la mboga alikuwa amekubali kumpa kazi, na Arnaud alikuwa ameshanunua buti.

Jambo moja tu lilibaki gumu kwake, nalo ni kupanda basi peke yake. Kelele za watu zilimchanganya. Kwa hiyo kila Ijumaa ya miadi Joselyne alimpeleka hospitali, akamngoja, akarudi naye. Ilikuwa kazi yake, na alikuwa akiifanya bila kunung'unika.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyoharibika.

Pale chuoni kulikuwa na chama cha wasichana kilichoitwa Ikamba, neno lenye maana ya taji. Aliyeingia Ikamba alipata dada wa kumshika mkono, na akimaliza masomo hakukosa mtu wa kumfungulia mlango wa ofisi. Kila mwaka walioomba walikuwa wengi na nafasi kidogo, hivyo kulikuwa na wiki ya mchujo. Wasichana waliokulia Kigali walijuana tangu sekondari. Mama zao na shangazi zao ndio waliowaandikia barua za kuwasifu. Joselyne alikuwa mgeni. Kinyarwanda chake kilikuwa na lafudhi ya Bujumbura, na hakuna mwanamke yeyote mwenye jina mjini aliyemjua. Kwa hiyo jina lake lilipotokea miongoni mwa walioitwa kwenye mchujo, alishangaa kuliko wote, na hakujiuliza kwa nini wamemwita.

Aliyemfundisha kujiandaa ni Shami, msichana wa darasa lao ambaye dada yake aliwahi kuwa Ikamba. Shami alijua kila kitu. Siku ya kwanza ni nguo nyeupe, siku ya mwisho ni mshanana, vazi la heshima la Kinyarwanda. Kaa hivi, shika glasi hivi, usicheke kwa sauti. Kiswahili kiache nyumbani.

"Na telefone yako usafishe," Shami alimwambia. "Watakwambia uifungue, waone picha zako. Wataangalia page yako pia. Huyu wa kabichi ni nani?"

"Kaka yangu."

"Wa Ndera?" Shami alishusha sauti, ingawa walikuwa peke yao. "Weee! Toa hiyo. Toa zote. Wataanza kuuliza kama ni kitu ya familia, kama na wewe kesho itakupata. Wamezoea watu wa maana, Joselyne. Wewe tayari ni wa kuja."

Joselyne hakupenda neno hilo. Lakini lilimchoma mahali palipokuwa na kidonda tayari, na mtu aliyechomwa hivyo hufanya haraka. Alifuta picha ya kabichi kwenye ukurasa, akafuta na ile ya kwenye simu. Akafuta ya Krismasi, akafuta ya buti mpya. Shami akamkumbusha kwamba picha zilizofutwa hubaki pembeni kwa muda, akamwonyesha mahali pa kuzimaliza kabisa. Joselyne alibonyeza. Alijisemea tu kwamba atampiga nyingine mchujo ukiisha.

Jioni ile Arnaud alishika simu kama kawaida. Alisogeza kidole chini, akarudi juu, akasogeza tena.

"Jose, mimi niko wapi?"

"Telefone imeharibika."

"Imeharibika mimi tu?" Alikuwa hajakasirika. Alikuwa anauliza kweli. "Mama iko. Wewe uko. Paka ya jirani iko. Mimi niko wapi?"

Joselyne akamnyang'anya simu, akamwambia ana masomo. Ndugu zangu, huyu ni kijana ambaye ugonjwa wake ulikuwa umewahi kumnong'oneza kwamba watu wanataka kumwondoa duniani. Usiku alikula kidogo, akaenda kulala bila kumtania mtu.

Siku ya mwisho ya mchujo ikaangukia Ijumaa ya miadi.

"Mimi niko na mzigo unaingia ku soko," Mama Béatha alisema asubuhi. "Utakaa naye mpaka mwisho, eh?"

"Ndiyo, Mama."

Hakukaa naye. Alimfikisha Ndera, akamwonyesha benchi. "Ukimaliza, nisubiri hapa. Usiende popote." Arnaud aliitazama mshanana iliyokunjwa ndani ya mfuko wa dada yake.

"Unaenda harusi?"

"Nakuja sasa hivi."

Chuoni walikusanya simu zote kwenye kikapu, zimezimwa. Foleni ilikuwa ndefu. Ilipofika zamu ya Joselyne mchana ulikuwa umeshapita. Mbele yake walikaa dada watatu, na katikati yao Raihana, mwenyekiti wa Ikamba, msichana mwembamba mwenye hijabu na sauti ya upole.

"Mambo ya simu na kurasa tumeshamaliza," Raihana alisema. "Tuambie tu kuhusu nyumbani. Unaishi na nani?"

"Na mama yangu."

"Una ndugu?"

Jibu lilikuwa rahisi na lilikuwa pale pale mdomoni, lakini Joselyne akalimeza.

"Sina. Mimi ni mtoto pekee."

Wale wawili waliinamisha macho. Raihana akauliza tena: "Peke yako kabisa?"

"Kabisa."

Raihana akamshukuru, akaita anayefuata.

Joselyne alipowasha simu nje, iliita mfululizo kwa jumbe. Muuguzi alikuwa amempigia tena na tena. Arnaud alikuwa mgonjwa wa kuja na kurudi, mtu mzima, hakuna wa kumfungia. Aliketi kwenye benchi mpaka akachoka, akamwambia muuguzi kwamba dada yake hana tena kaka, akatoka. Joselyne alipofika, benchi lilikuwa tupu. Alikimbia barabarani na mshanana yake, akiita, watu wakimpisha na kumshangaa.

Nyumbani majirani walikuwa wamejaa. Mzee Jean-Bosco, kiongozi wa isibo yao, yaani zile nyumba chache za jirani zinazoangaliana, alikuwa ameshatoa simu.

"Nitumieni photo, Mama Béatha," alisema. "Nitaiweka ku group ya mudugudu, ya mtaa mzima. Saa hii itafika Ndera, itafika Kinyinya, kote."

"Joselyne iko nazo zote," Mama Béatha alijibu. "Anampigaka photo kila siku. Toa, Joselyne. Ile ya shu, anaonekana vizuri."

Joselyne alishika simu yake bila kuifungua.

"Hakuna, Mama."

"Hakuna nini?"

"Nilizifuta. Zote. Kwa sababu ya mchujo."

Mama Béatha alikuwa na simu ndogo ya batani isiyoweka picha. Kitambulisho cha Arnaud kilikuwa na sura ya zamani, kijana mwembamba asiye na ndevu, na dawa zilikuwa zimemnenepesha sana tangu wakati ule. Mama yule alimtazama bintiye kana kwamba anamtafuta mtu nyuma ya uso wake.

"Nilimutoa Bujumbura nimemushika mkono, watu wakinicheka njia yote," alisema. "Sikumuficha. Wewe umemufuta?"

Alijifunga kitenge kiunoni akatoka kwenda kumtafuta mwanawe kwa miguu.

Mzee Jean-Bosco alituma maneno matupu: kijana mnene kiasi, sweta ya buluu, jina Arnaud. Watu walijibu kwamba wamemwona huku na kule, na kila walipofika palikuwa na mtu mwingine. Jumamosi nzima ikapita hivyo. Joselyne akampigia Shami akilia.

"Ihangane," Shami alimpa pole. "Lakini usiandike kitu page yako mpaka majina yatoke. Ukiandika leo umejimaliza."

Joselyne akakata simu. Alipiga moyo konde, akafungua ukurasa wake, akaandika, tena kwa Kiswahili cha nyumbani kwao: Nilisema mimi ni mtoto pekee. Nilidanganya. Nina kaka, anaitwa Arnaud, anatibiwa Ndera, amepotea kwa sababu yangu. Sina hata picha yake. Aliyemwona anisaidie.

Hazikupita dakika nyingi, ujumbe ukaingia kutoka kwa Raihana. Haukuwa na salamu. Ulikuwa na picha. Sweta ya buluu, kabichi, macho yaliyofumba kwa kicheko, na Joselyne begani.

Chini yake Raihana alikuwa ameandika: "Tuliihifadhi tulipopitia kurasa za walioomba. Ndiyo iliyofanya tukuite. Itume haraka."

Joselyne aliituma papo hapo kwa Mzee Jean-Bosco.

Jumapili, watu wakitoka misa, fundi mmoja wa ujenzi alipiga simu kutoka Kinyinya. Alikuwa ameiona picha, na kijana wa kwenye picha alikuwa ndani ya nyumba ambayo haijakwisha kujengwa, amejikunja kwenye kona. Walimkuta hai, na Mungu ashukuriwe kwa hilo. Lakini miguu ilikuwa imevimba, hakuwa amemeza dawa, na mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika. Kuna waliomkuta akizungukazunguka kwenye nondo za ujenzi wakamdhania mwizi. Walimuuliza yeye ni nani, akawaambia hayupo. Wakampiga.

Arnaud akalazwa. Mwenye shamba alingoja kidogo, kisha akachukua mtu mwingine. Hatuwezi kumlaumu, mboga hazingoji mkono upone. Buti bado ziko chini ya kitanda, hazijavaliwa.

Majina ya Ikamba yalipotoka, la Joselyne halikuwemo. Raihana alikuja kumtazama mgonjwa, akaleta maembe, akakaa naye akimsikiliza akieleza habari za mbolea. Walipotoka nje alimwambia Joselyne maneno machache.

"Si ugonjwa wa kaka yako uliokutoa. Nilikuuliza mara mbili."

Siku moja Arnaud alikuwa na nafuu, ameketi kitandani, jua linaingia dirishani. Joselyne alisogea, akaegemea bega lake lisilouma kama katika ile picha, akainua simu.

Arnaud akavuta shuka kwa mkono wake mzima, akafunika uso.

"Acha, Jose," alisema ndani ya shuka. "Utanifuta tena."

Joselyne akashusha simu. Alilia, na Arnaud, bila kufunua uso, alimpapasa kichwani. Kwa sababu huyo ndiye Arnaud.

FUNZO

Wazazi, vijana, na ninyi wakubwa wa vyama na makundi, nasema wazi ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa, si aibu ya ukoo. Aliye nao anahitaji dawa, na anahitaji kuonekana na watu wake. Tamaa ya kukubaliwa na wageni isikufanye umkane mtu wa nyumbani kwako. Wale uliowaogopa huenda walikuwa wameshamwona, na kilichowavuta kwako kilikuwa ule upendo wako kwake. Utawakosa wao kwa uongo, na utamuumiza yeye bure.

Nasi tunaosema Ndera kwa kucheka, tuache. Joselyne hakuizua aibu ile peke yake, aliikuta mjini, sisi ndio tuliomwekea.

Arnaud amerudi nyumbani sasa, na mkono unaunga. Kila Ijumaa ya miadi dada yake hukaa kwenye lile benchi tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwenye simu yake ipo picha moja tu ya kaka yake, ile ya shu, iliyorudishwa na mtu baki. Nyingine Arnaud hajakubali kupigwa, na Joselyne hamlazimishi.