Tuandike Kwanza, Tuseme Baadaye

Pa! Pa! Nje bado giza, donge la unga lilikuwa likipigwa ubaoni. Mkwe alikanda unga wa mikate ya kuuza, akafunika beseni. Mama mkwe akaja, akafunua, akakanda tena, kama alivyofanya siku zilizopita.

Mkwe alimtazama, akaenda chumbani kufunga nguo zake.

"Mama, mke wangu anarudi kwao," kijana wake alisema.

Mama aliacha kukanda. Alimpenda mkwe huyu kama binti wa kumzaa. "Nimemkosea nini?"

Mabishano yakaanza. Kila mtu alisema, hakuna aliyesikiliza.

Jirani yao, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, alikuja kununua mkate. "Hapa mnauza mkate au kelele?" aliuliza.

Akawaketisha mezani, akawagawia vipande vya karatasi.

"Andikeni yanayowasumbua katika kazi hii. Karatasi moja, jambo moja. Anayetaka kuchora, achore. Hakuna kusema wala kuguna."

"Hata mimi?" kijana aliuliza.

"Wewe hasa. Tukianza kwa kusema, mwenye sauti kubwa ndiye anayesikika. Tukiandika, na mpole anapata nafasi."

Wakaandika kimya. Kisha wakapanga karatasi mezani, wakasoma za wenzao, wakasogeza pamoja zinazohusiana. Kijana alifungua mdomo mara mbili. Kila mara mwalimu alimtazama, naye kijana akaufunga.

Mkwe alikuwa ameandika: "Mama haridhiki na unga ninaokanda."

Mama alikuwa amechora mkono uliovimba. Mkwe aliutazama sana mchoro ule. Polepole akausogeza karibu na karatasi yake.

"Sasa semeni," alisema mwalimu. "Lakini mtu asijitetee. Aulize kwanza."

"Mama, huu mkono wa nani?" mkwe aliuliza.

"Wako, mwanangu. Nilikuona ukiusugua. Nikawa nakumalizia kazi, upumzike."

"Kumbe! Nami nikadhani unga wangu haufai."

"Ungekuwa haufai, mimi ningenenepa hivi?"

Mkwe akacheka huku akifuta machozi.

Walikubaliana mama akande, mkwe aangalie tanuri mpaka mkono upone. Kijana naye akapewa kuni na maji, maana karatasi mbili zilimtaja. Nguo zikarudi kabatini.

Mkwe alimfungia mwalimu mkate wa moto, akamsindikiza mpaka mlangoni.

"Uje tena wiki ijayo, mwalimu," alisema. "Bado tuna mengi ya kuulizana."