Usinishonee Uongo

"Kiuno ishirini na nane. Thelathini. Thelathini na tatu," bibi harusi mtarajiwa alisoma kwa sauti kutoka daftari la fundi. "Hivi ni vipimo vya nani?"

Mchumba wake, fundi cherehani, alitoa mguu kwenye pedali.

"Vyako."

"Mbona kila nikijaribu gauni unaniambia vipimo ni vilevile?"

"Nilikuwa naachia mshono, gauni lipanuke kidogo kidogo. Sikutaka uumie."

Bibi harusi alikaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa muoka mikate, na kwa miezi mitatu hakuonja hata ganda. Maji ya moto, kabichi ya kuchemsha, basi. Alijipa moyo kwamba gauni halimbani. Kumbe gauni ndilo lililokuwa likimfuata.

Simu ya fundi ikalia mezani. Ujumbe wa dada yake ukajianika kwenye kioo:

"Kaka, usijitie upofu. Huyo ana mimba na unajua si yako. Vunja harusi mapema."

"Wifi anasema nina mimba."

"Aliliona daftari."

"Na wewe unasemaje?"

Fundi akaigeuza simu kifudifudi.

"Niliwaza hivyo wiki nzima," alisema. "Sisi tumesubiri ndoa, kwa hiyo nilijua kama ni mimba, si yangu. Halafu nikaachia mshono tena."

"Ukidhani ni ya mwingine?"

"Nilitaka upendeze siku hiyo. Mengine nilisubiri uniambie mwenyewe."

Machozi yakamtoka, hasira na huruma vikigombea nafasi moja.

"Sina mimba. Nina njaa. Nasikia baridi mbele ya tanuri, wewe. Ngazi tatu tu nahema."

Fundi alimtazama, kisha akalivuta daftari na kushuka na kidole mpaka mstari wa chini.

"Shingo nayo imeongezeka. Kola nimeifumua mara mbili, na shingo imejaa hapa mbele tu. Vaa viatu, twende hospitali."

Daktari, mama wa makamo, alilisoma daftari tarehe kwa tarehe, akampapasa shingo, akaagiza damu ipimwe. Siku ya pili waliitwa.

"Tezi ya shingoni imezembea," alisema. "Haitoi homoni ya kutosha, ndiyo maana mwili unatumia chakula polepole. Huu si ulafi wala uvivu, na kujinyima kunakumaliza bure. Kidonge kila asubuhi kabla ya kula, kisha ule chakula cha maana. Uzito utashuka taratibu."

"Na mimba?"

"Hakuna."

"Naomba uniandikie na hiyo, daktari. Nina wifi."

Daktari akacheka, akaandika.

Nje, bibi harusi alivuta pumzi ndefu. Miezi mitatu alijiona hana nidhamu, kumbe alikuwa mgonjwa, na ugonjwa una dawa. Alijisikia mwepesi, mizani iseme itakavyo.

"Nisamehe," fundi alisema.

"Wiki yako ile nimeisamehe. La mshono bado. Ukiona kitu mwilini mwangu, niambie. Usinishonee uongo."

Asubuhi ya harusi, wifi alishika kikopo cha pini. Alikuwa ameshaomba radhi mara nne, na ya tano ilikuwa njiani. Fundi alizungusha futi kiunoni mwa bibi harusi.

"Thelathini na tatu na nusu," alitangaza, mpaka mlangoni wakasikia.

"Umesoma sawasawa?"

"Sawasawa."

"Basi kata uzi," bibi harusi alisema, akimega mkate aliouoka mwenyewe. "Kidonge nilishameza."