Aliyeitika Hemani

Soko la vitambaa la Zhongda, mjini Guangzhou, halimngoji mtu. Asubuhi ile ya Desemba toroli za umeme zilikuwa zikipita kwa fujo, majora yamepangwa juu mpaka dereva haonekani, na Swalha alikuwa amejibana kwenye mlango wa duka moja, buibui lake limejaa nyuzi za pamba, mtandio wa rangi ya haradali umemwangukia mabegani. Nyuma yake mwanamume mrefu mwenye jaketi fupi la ngozi alikuwa ametanua mikono yote miwili, akimwonyesha mwenye duka ukubwa wa kitu. Mwenye duka alitikisa kichwa tu.

"Meiyou, meiyou."

"Yarabi, leo nimepatikana," yule mwanamume akajisemea kwa Kiswahili.

Swalha akacheka kabla hajajizuia. "Anakwambia hakuna, kaka yangu. Unatafuta nini? Pazia?"

Akageuka upesi, uso umemng'aa. "Dada! Kumbe wa nyumbani?"

"Unguja, Kikwajuni. Jibu kwanza. Pazia la nyumba ya ghorofa ngapi hilo?"

"Si pazia. Nataka koti la ndege."

"La nani?"

"La ndege. Ndege inayoruka. Inalala nje, inanyeshewa."

Swalha alicheka mpaka mwenye duka naye akacheka bila kujua anachekea nini. Alimshika yule mtu mkono wa jaketi, akampitisha vichochoro mpaka kwenye maduka ya maturubai, akapiga kelele zake za "tai gui, laoban, ghali mno," akaondoka, akaitwa, akarudi, akaondoka tena. Mwisho jora likashuka rafuni kwa bei yake yeye.

Yule mwanamume aliitwa Sufian, mtoto wa Ilala. Alikuwa rubani wa klabu moja ya ndege ndogo nje kidogo ya mji, akiwafundisha matajiri kuruka. Kichina chake kilikuwa cha kuzungumza na waongoza ndege, si cha sokoni.

"Nipe namba yako," akasema, jora begani.

"Ya nini? Koti umeshapata."

"Likichanika je?"

"Likichanika utarudi kwa laoban, mwenye duka."

"Laoban hacheki kama wewe."

Namba akapewa.

Kuanzia siku ile simu ya Swalha haikutulia. Ikiita akiwa kwenye treni ya chini ya ardhi, ikiita akiwa anakula wali wa nazi kwenye mgahawa wa Wakomoro pale Dengfeng, na akipokea tu husikia: "Bi Majora, umekula?" Hakuwahi kumwita kwa jina jingine. Siku moja Swalha akamnunia.

"Wenzako huitwa mpenzi, huitwa roho. Miye naitwa kama stoo."

"Neno mpenzi kila mtu analo mdomoni," Sufian akasema. "Bi Majora ni mmoja."

Swalha akazima simu huku anatabasamu kwenye mto. Joyness, msichana wa Njombe aliyepanga naye chumba pale Xiaobei, akamrushia soksi. "Umeisha, dada. Umeisha kabisa."

Lakini mzigo wake ulikuwa unasubiri kupakiwa bandarini Huangpu, na kibali chake cha kukaa kilikuwa kinaelekea ukingoni. Mama yake kule Kikwajuni alishapiga simu mara nyingi kuuliza anarudi lini, maana kuna watu wamekuja kumuulizia. Swalha alingoja Sufian aseme neno. Badala ya neno, Sufian akasema:

"Kabla hujaondoka, nataka nikupeleke mahali. Juu. Tutalala huko, tuamke na jua. Mchukue Joyness, mimi nitamchukua Mutiso, watu wasije wakasema."

Mutiso alikuwa Mkenya, wakala wa mizigo pale Huangpu, mwenye sauti ya kuamsha kontena.

Waliondoka Januari, mchana mweupe. Ndege ilikuwa ya viti vinne, inatetemeka kama jokofu bovu, na Joyness alisali mpaka paa za viwanda zilipokwisha. Kisha milima ikaanza, mmoja nyuma ya mwingine, ya bluu, halafu ya kijivu, halafu vilele vyeupe. Sufian aliongea nao kwenye visikilizio vya masikioni, akitaja mito. Aliendesha kwa vidole viwili vitatu tu, na Swalha aliiangalia mikono ile, akaona aibu ya furaha.

Walitua kwenye kipande cha njia kilichochongwa begani mwa mlima. Miti ilikuwa imevikwa barafu mpaka vijiti vyake vidogo. Chini kidogo, kwenye matuta ya zamani ya chai, kulikuwa na kijiji kisicho na watu. Wenyewe walishahamia mjini. Nyumba za udongo zilibaki zimepangana, milango wazi.

"Hakuna hata mbwa," Joyness akasema. "Njombe baridi tunaijua, lakini mbwa wanabweka."

"Poa basi, mimi nitabweka," Mutiso akasema, akabweka kweli, akacheka kicheko chake kikubwa. Kicheko kikarudi kutoka kijijini. Kilirudi kwa kuchelewa, na kikaendelea kidogo baada ya chake kwisha.

Wakatazamana. Mutiso akainama, akaanza kupigilia vigingi vya hema.

Walisimamisha mahema mawili, la wanawake na la wanaume, hatua chache kati yake. Jua lilipozama ukungu ukapanda kutoka bondeni bila upepo, ukafunika matuta, ukafunika nyumba. Swalha na Joyness walikuwa motoni na sufuria ya tambi. Sufian alikuwa amekwenda kuivisha ndege turubai lake. Aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Umeniita?" akamuuliza Swalha.

Swalha alidhani ni utani. "Nakuita tangu Zhongda. Leo ndio unasikia?"

Mutiso alicheka. Sufian hakucheka. Alikaa ameupa moto mgongo, akitazama kule kijijini, na tambi zake zikapoa bakulini.

Swalha aliamka alfajiri, mwanga haujaanza, akataka kutia udhu. Mfereji wa maji ulikuwa karibu na njia ya ndege, aliuona mchana. Alijifunga mtandio na koti, akawasha taa ya simu, akatoka taratibu asimwamshe mwenzake. Maji yalikuwa makali kama sindano. Alipomaliza na kugeuka, simu ilishindwa na baridi, ikazima, na ukungu ukawa sawa pande zote.

Alitembea alikodhani kuna mahema. Miguu ikakuta tuta, kisha tuta jingine. Akajua anashuka.

"Sufian!"

Juu, mbali kuliko alivyotegemea, taa ikawaka ndani ya hema. Moyo wake ukatulia. Alisikia mazungumzo ya chini, maneno hakuyapata.

"Sufian! Niko huku! Nimepotea!"

Taa ikazimwa.

Swalha alisimama, mdomo wazi, mvuke ukimtoka. Aliita tena na tena mpaka koo likamkauka. Hakuna aliyeitika kutoka hemani. Aliponyamaza, sauti nyingine ikaendelea. "Sufian! Niko huku!" Ilikuwa yake. Koo lake, kukwaruza kwake, namna yake ya kuvuta mwisho wa jina. Ilitoka upande wa kushoto, palipo na nyumba.

Halafu mwanamume akaitika kutoka chini kabisa, kwenye korongo. "Naam, mpenzi. Niko hapa. Njoo."

Sauti ilikuwa ya Sufian bila kasoro. Swalha alishapiga hatua kabla neno lile halijamfika. Mpenzi. Akakaa papo hapo kwenye udongo wenye barafu, akakumbatia magoti, akaanza kusoma aya alizofundishwa chuoni tangu mtoto. Sauti iliita tena, kwa upole, kama inayombembeleza mtoto mgonjwa. Hakujibu. Hakuinuka mpaka ukungu ulipoanza kupauka, akaona kuwa mbele yake tuta liliishia, na baada ya tuta hapakuwa na kitu.

Sufian ndiye aliyefika wa kwanza, mbio, akateleza, akamvulia jaketi lake. Midomo ya Swalha ilikuwa haifungi kwa baridi.

"Nilikuita."

"Nilisikia," Sufian akasema.

"Ulisikia. Na taa ukazima."

"Swalha, ngoja nikueleze..."

"Nirudishe mjini."

Njia nzima visikilizio havikuwa na neno isipokuwa Kichina cha Sufian na waongoza ndege. Usiku huo huo Swalha alimfungia kwenye simu.

Alifunga mizigo kwa hasira. Joyness hakumsaidia. Joyness alikuwa halali siku hizi. Aliacha taa ya chumba ikiwaka mpaka asubuhi, na Swalha akimgusa kwa bahati mbaya alishtuka. Mwisho, mchana mmoja, akiwa amekaa kwenye begi lililofungwa, akasema:

"Nikwambie kitu, usiniite mwehu."

"Sema."

"Ile alfajiri Sufian aliita kutoka hemani kwao. Aliuliza, 'Joyness, Swalha yupo?' Mimi nikiwa usingizini nusu. Kabla sijajibu, ukajibu wewe."

"Miye nilikuwa nje, Joyness."

"Najua ulikuwa nje." Machozi yakamtoka. "Ulisema, 'Nipo, lala.' Sauti yako. Ulikuwa umelala pembeni yangu, nyuma yangu. Miguu ilikuwa ya baridi, nikakusogezea blanketi. Kulipokucha nikageuka, blanketi lilikuwa limekaa sawasawa, limevimba kama lina mtu, halina mtu."

Chini mtaani watu walikuwa wanapigiana kelele za bei. Swalha akachukua simu. Akampigia Mutiso.

"Nilisikia pia," Mutiso akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Sufi alikuwa ashavaa viatu atoke. Ikasema 'Nipo, lala.' Nikamwambia manze, msichana yuko hapo, hiyo kitu ya nje si yeye, zima taa isituone. Nilimshika mkono. Nilaumu mimi."

Swalha akamfungulia Sufian simu, akampigia. Ilipokelewa.

"Sufian."

Alisikia pumzi.

"Sufian, ni miye. Joyness ameniambia."

Pumzi tu. Kisha ikakatwa. Alipiga tena, ikakatwa tena, na usiku ule Swalha alilia kuliko alivyolia mlimani.

Kesho yake kontena lake lilikuwa linafungwa Huangpu. Jua la baridi liliwaka juu ya mabati ya rangi, kreni zikinguruma, na Swalha, kwa viatu vya raba na buibui la kazi, alikuwa anahesabiwa marobota yake, alipomwona Sufian anakuja kati ya makontena. Hakuwa amenyoa ndevu. Alisimama karibu kabisa, akamtazama usoni, machoni, mikononi.

"Uliponipigia sikuweza kuitika," akasema. "Nimekuja kuangalia kama ni wewe."

"Na ni miye?"

"Ni wewe. Una nyuzi kwenye nyusi."

Swalha akajipangusa, akashindwa kucheka. "Ulipokuwa unafunika ndege. Uliuliza kama nimekuita."

"Ulikuwa unaniita kutoka kwenye nyumba moja kule chini. 'Sufian, njoo unisaidie.' Nilikuwa nakuona motoni, umeshika mwiko. Nilipokuuliza ukafanya mzaha, nikaona nisiwatie hofu. Bibi yangu alinifundisha, ukiitwa na usichokiona usiitike. Basi alfajiri sikuitika. Lakini kosa ni langu, Swalha, si la Mutiso. Niliamini sikio. Lilikuwa jambo la kutoka, nifungue hema lenu, niangalie. Sikufanya. Ningekupoteza kwa uvivu wa hatua chache."

"Kwa woga," Swalha akasema.

"Kwa woga."

Mlango wa kontena ukafungwa kwa kishindo, wote wawili wakaruka.

"Na ikikuita tena?" Swalha akauliza. "Kwa sauti yangu?"

"Nitatoka."

"Hata kama si miye?"

"Hata kama si wewe. Siwezi tena kukaa ndani nikijiuliza."

Swalha alimtazama mtu yule aliyekonda kwa siku chache, jaketi limemning'inia. Hasira aliitafuta, akakuta imebaki huruma na kitu kingine alichokuwa nacho tangu Zhongda.

"Hapana," akasema. "Usitoke. Bora tukae nyumba moja, ukigeuka unione. Mama yangu yupo Kikwajuni, na wajomba wapo. Kama una watu wa kuwatuma, watume."

Sufian alifumba macho, akafumbua. "Walishatumwa. Jana. Mama yangu yuko kwenye boti ya Unguja hivi sasa, na mimi sikujua hata kama utanisikiliza."

"Jeuri weye!" Swalha akampiga begani, na hapo hapo akalia, mbele ya wapakiaji na kreni na dunia yote ya Huangpu.

Walioana Unguja mwezi wa pili, wakarudi Guangzhou wakiwa mume na mke. Joyness alihamia kwa binamu yake, na Mutiso hajapanda ndege ndogo tangu hapo. Wanaishi ghorofa ya juu karibu na Xiaobei, vyumba viwili, taa ya ukumbini haizimwi. Wanacheka sana, majirani wanajua. Ila kuna jambo moja wageni huliona na kudhani ni dharau. Swalha akimwita mumewe kutoka jikoni, Sufian haitiki kwa mdomo. Huacha alichoshika, hunyanyuka, huja mpaka mlangoni, akamtazama usoni, kisha ndipo husema, "Naam."

Juzi Swalha alimkuta amesimama hivyo, mlango wa jikoni, taulo mkononi, anamtazama.

Yeye hakuwa amemwita.