Ingekuwa Leo, Ungenipa?

Ukumbi wa shirika la umeme ulijaa wateja siku kijana wa zimamoto alipokuja kulalamikia mita yake. Aliyemhudumia alikuwa binti wa gauni la samawati, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Alipomwomba namba ya simu, kijana akasema ataitoa kwa sharti naye apewe ya kwake. Binti akacheka mpaka foleni ikanung'unika. Mwaka haukuisha, nyumbani kwao walishajua mkwe anakuja.

Kisha mto ukavunja kingo. Umeme ukakatwa mitaa yote ya bondeni, na asubuhi simu ya binti ikaita akiwa kazini. Alikuwa yule kijana.

"Taa yangu, nyinyi mnazijua nyumba zenye wagonjwa wa mashine za oksijeni. Niambie ziko wapi. Betri zao zinakaribia kukata roho."

Nyumba hizo binti aliziona kwenye kompyuta mbele yake. Lakini kwa sheria serikali, hata zimamoto, hupewa siri za wateja pale tu hali ya maafa inapotangazwa, na tangazo lilikuwa halijatoka. Tena hakumsahau mwenzake aliyewahi kumtajia anwani mtu aliyejiita polisi kwenye simu. Kumbe alikuwa mume anayemsaka mke aliyemkimbia, na mke yule alizikwa.

"Zimamoto wangu, sina ruhusa. Nambembeleza bosi hapa. Maafa yakitangazwa tu, nakutumia."

"Ni mimi huyu, si mtu baki."

"Najua. Nisamehe."

Tangazo lilitoka adhuhuri. Alituma papo hapo, na boti zikawatoa wagonjwa wote wakiwa hai, isipokuwa mwalimu mstaafu mmoja. Kijana ndiye aliyembeba.

Hakupiga simu tena. Binti alivumilia weee, mwishowe akamfuata kazini kwake. Alimkuta anaosha buti, amekonda. Kijana akamvutia kiti, akakiri kwamba binti hakuvunja sheria yoyote, na kwamba hana kinyongo naye. Kisha akauliza kwa upole:

"Ingekuwa leo, ungenipa?"

Angeweza kudanganya. Alimpenda kiasi hicho.

"Kwa simu tu, bila tangazo? Hapana," alisema, machozi yakimtiririka.

Kijana aliinamisha kichwa. "Ungesema ndiyo, nisingekuamini. Umesema kweli, nami siwezi kuishi nayo."

Alimsindikiza hadi getini, wakashikana mikono mpaka teksi ilipofika.

Nyumbani, mama yake alimpokea akiwa na shela ya harusi, ili aijaribu. Binti akaivaa ili asiulizwe. Ikamkaa sawasawa.