Jumuiya Inakuja kwa Tusekile

Tusekile ana miaka sita. Hana meno mawili ya mbele.

Anakaa na mama yake huko Rungwe, milimani. Kule mvua haiji kutembea. Inahamia kabisa.

Zamani walikuwa watatu. Sasa Baba hayupo. Baba yuko gerezani.

Baba aliiba ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe aliitwa Maua, na alikuwa wa jirani yao, Mama Lusajo. Baba alimuuza, na Maua akachinjwa. Ndivyo ilivyokuwa, watoto. Hakuna namna ya kulisema jambo hili likawa zuri.

Tangu hapo watu wanamtazama Tusekile na kunong'ona, "Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Nyoka gani? Meno yenyewe hana! Atamuuma nani?

Lakini kwenye Shule ya Jumapili, watoto wakishikana mikono ili waimbe, mkono wa Tusekile unabaki peke yake. Inauma. Inauma sana.

Kila Jumamosi asubuhi, majirani husali pamoja. Hiyo ndiyo jumuiya. Leo wanasali nyumba hii, wiki ijayo nyumba inayofuata. Zamu ni zamu.

Wakimaliza kusali, kiongozi wao, Mzee Kasebele, huuliza, "Wiki ijayo tutasali kwa nani?"

Mwenye zamu hujibu, "Karibuni kwangu."

Jumamosi moja, Mzee Kasebele aliuliza hivyo hivyo. Zamu iliyofuata ilikuwa ya nyumba ya Tusekile.

Mama yake Tusekile akainamisha kichwa. Watu wote wakatazama miguu yao, utadhani wamepoteza vidole.

"Karibuni kwetu!" akasema Tusekile.

Lo! Mama akamfinya. Alimfinya taratibu, lakini alimfinya.

Mzee Kasebele akakohoa. "Haya," akasema. "Tumesikia."

Kusikia si kukubali, watoto. Tusekile hakujua. Alirudi nyumbani anarukaruka kwenye madimbwi.

Wiki ile walifanya kazi. Mama alisiriba sakafu kwa udongo mwekundu. Tusekile alifagia uwanja. Fya, fya, fya!

Mama alikwenda kuazima vikombe kwa jirani, Mama Gwamaka. Mama Gwamaka akasema vikombe vyake vina kazi.

Kazi gani? Vilikuwa kabatini, vimelala.

Jumamosi ikafika. Mama akachemsha magimbi, sufuria nzima. Akachemsha chai ya rangi. Akatandika mkeka mpya. Tusekile akakaa mlangoni, akasikiliza hatua za watu matopeni.

Chwapu, chwapu, chwapu.

"Mama, wanakuja!"

Chwapu, chwapu... chwapu...

Wamepita.

Kumbe alikuwa mmoja tu, Mzee Kasebele na mwavuli wake. Labda amesahau kitu nyumbani, Tusekile akawaza.

Chwapu, chwapu, chwapu.

"Mama, wanakuja!"

Chwapu, chwapu... chwapu...

Wamepita.

Walikuwa akina mama wanne, wamejifunika kanga kichwani. Hawakugeuka hata kidogo. Labda hawakuuona mlango.

Mvua ikaongezeka juu ya bati. Ta-ta-ta-ta-ta! Magimbi yakaanza kupoa.

Mara wimbo ukasikika. Tusekile anaujua wimbo ule. Ni wa jumuiya, wa kufungulia sala. Ulikuwa unatoka kwa Mama Gwamaka.

"Mama, si zamu yetu?"

"Ni zamu yetu."

"Mbona wanasali kule?"

Mama alifunika sufuria ya magimbi, akageukia ukutani, akalia. Alilia bila sauti, kama watu wazima wanavyolia mtoto akiwa karibu.

Tusekile akamshika sketi. "Mama, na Mungu je? Naye amepita?"

"Sijui, mwanangu," akasema Mama.

Hakuwa anadanganya. Siku ile hakujua.

Chwapu, chwapu, chwapu.

Tusekile hakuinuka. Alikuwa amechoka kuinuka.

Chwapu, chwapu... chwapu...

Kimya. Hatua hazikupita!

"Hodi!"

Mlangoni alisimama mwanamke mrefu, ameloa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa Mama Lusajo. Ndiyo, yule yule! Mwenye ng'ombe!

Mama akapiga magoti chini.

"Inuka, Mama Tusekile," akasema Mama Lusajo. "Magoti yako hayatanirudishia ng'ombe."

"Shikamoo," akasema Tusekile kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Na msidhani hasira zimeniisha. Kila asubuhi nikiliona zizi tupu, zinapanda mpaka hapa." Akagusa shingo yake.

"Sasa, dada yangu, umekuja kufanya nini?" akauliza Mama.

"Nimekuja kusali. Nilikuwa kule kwa Mama Gwamaka. Wimbo ulipoanza, ukanikwama kooni. Nikajiuliza, hivi Mungu alingoja nitakate ndipo aje kwangu? Angengoja mpaka leo!"

Akavua viatu vyake vyenye matope.

"Sikufurahi kuja," akasema. "Lakini zamu ni ya hapa. Zamu ni zamu."

Akaingia. Akakaa mkekani. Mkeka ulikuwa mkubwa na watu walikuwa watatu tu.

Wakaimba. Mama Lusajo anaimba vibaya, tuseme ukweli. Lakini aliimba kwa nguvu, na wimbo wa kule kwa jirani haukusikika tena.

Kisha wakafumba macho, wakasali ile sala ambayo Yesu aliwafundisha rafiki zake. Walisali vizuri. Wakaomba mkate wa kila siku. Wakafika pale pa kusamehe.

Mama Lusajo akanyamaza.

Ta-ta-ta-ta-ta, ilisema mvua. Tusekile akafumbua jicho moja. Akaona kidevu cha Mama Lusajo kinatetemeka.

"Hapa pagumu," akasema Mama Lusajo.

Mama naye akafumbua macho, akamtazama.

"Tupite polepole," akasema Mama Lusajo.

Wakapita polepole. Walisema neno moja, wakapumua. Wakasema neno lingine, wakapumua. Machozi yalimtoka Mama Lusajo mpaka mwisho, na wala hakuyafuta.

"Amina."

Mama akafunua sufuria. Mkono wake ulisita. Watu wengi hawali katika nyumba ya mtu aliyewaudhi.

Mama Lusajo akachukua gimbi. Akalimenya, akalila lote.

"Chumvi haitoshi," akasema. Akachukua lingine.

Akamimina chai. "Kwangu nako siku hizi ni chai ya rangi," akasema.

Mama akainamisha kichwa, maana alijua ni kwa nini. Maua hayupo, maziwa yatatoka wapi?

Mama Lusajo akamsogezea kikombe. "Kunywa, Mama Tusekile. Inapoa."

Wakanywa. Tusekile akasogea, akasogea, mpaka akaegemea mkono wa Mama Lusajo. Kanga yake ilikuwa bado imeloa. Mama Lusajo hakumsogeza.

Je, wale wengine walikuja baadaye? Hapana. Hata mmoja hakuja. Ningependa kuwaambia kwamba walikuja wote wakiimba, lakini hawakuja. Magimbi mengi yalibaki.

Jioni ikaingia. Mama akamfunika Tusekile blanketi. Akapunguza taa.

Tusekile akasali. Akamwombea Mama. Akamwombea Mama Lusajo na mwanawe Lusajo. Akamwombea Mzee Kasebele. Akamwombea hata Mama Gwamaka na vikombe vyake.

Halafu akanyamaza.

Kulikuwa na jina moja limebaki. Hakuwa amelitaja tangu siku ile polisi walipokuja. Alikuwa amelikasirikia sana jina hilo. Na alikuwa amelikumbuka sana.

"Mama."

"Nini, mwanangu?"

"Hapa pagumu."

Mama akapanda kitandani, akalala ubavuni pake. Hakumharakisha.

"Tupite polepole," akasema.

Tusekile akapumua. Akapumua tena.

"Na... na Baba," akasema.

"Amina," akasema Mama. Wakalala.